Majina Themanini na Moja

Mwaka 1974, Drusilla Kwamboka alikuwa ametunza mafaili kwa miaka tisa katika hospitali moja ya misheni upande wa Nyamira. Siku moja ya kugawa dawa, mwalimu Bitutu alifika dirishani kwake, kitambaa kimelegea kichwani, hata salamu hakutoa.

"Nani amewaambia watu wa Magwagwa kwamba nina kifafa?"

Drusilla alijua. Mtafiti mmoja, Daktari Zachariah, alikuwa ametoka Nairobi kuchunguza kifafa. Mganga mkuu, Daktari Nyamongo, alimwamuru Drusilla amnakilie majina ya wagonjwa wa kifafa na vijiji vyao. Akanakili themanini na moja. Kisha wasaidizi wa mtafiti wakasimama sokoni Magwagwa siku ya soko, wakiuliza kwa sauti: "Kwa Bitutu wa kifafa ni wapi?" Kufikia Jumatatu, wazazi walikuwa wamewatoa watoto darasani kwake wakiogopa wataambukizwa. Kamati ya shule ikamwachisha kazi.

"Mimi ndiye niliyeandika," Drusilla alisema.

Bitutu alimtazama, akatema mate chini, akaondoka bila kuchukua dawa zake.

 Drusilla aliingia kwa Nyamongo bila kubisha hodi.

"Omong'ina, mama, tulia," daktari alisema. "Utafiti huu utasaidia watu wengi. Na hakuna sheria tuliyovunja."

"Kama haipo, basi ni aibu yetu! Ungekubali ugonjwa wa mke wako utangazwe kati ya ndizi na viazi? Wagonjwa kumi na wanne hawajaja kuchukua dawa mwezi huu. Wakianguka motoni, utafiti utawafufua?"

 Drusilla alirudi chumba cha mafaili, akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni mwa sweta. Akawaambia madaktari wote wawili kwamba hakuna faili litakalotoka tena mpaka mgonjwa mwenyewe aulizwe, na likitoka, litoke na namba, si jina.

Zachariah alifoka kwamba bila mafaili kazi yake itachelewa miezi mingi. Kweli ilichelewa. Drusilla alizunguka kwa miguu siku zake za mapumziko, akiuliza mgonjwa mmoja mmoja, faraghani, kwa Kigusii. Hamsini na watatu walikubali. Wengine walikataa, na mzee mmoja wa Birongo alimfungulia mbwa. Mtafiti alirudi Nairobi na namba hamsini na tatu, akinung'unika kwamba karani amemharibia hesabu.

Nyamongo hakumfukuza. Alimhamishia stoo ya mashuka, lakini utaratibu wa namba akauacha, kwa sababu wagonjwa walianza kurudi dirishani.

Bitutu hakurudi. Alihamia kwa dada yake karibu na Tabaka, akaanza kusugua vinyago vya mawe kwa msasa. Drusilla alimfuata huko na dawa za miezi mitatu. Bitutu alizipokea, akaziweka kando ya jiwe, akaendelea kusugua.

"Wengine uliwauliza," alisema. "Mimi hukuniuliza."

 Drusilla alirudi kwa miguu hadi barabara kuu, akilia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.