Ntheo Kabla ya Kukatwa Tumbo

Daktari wa hospitali ya jeshi aliniambia kama mtu anayesoma amri za kambi: hadi siku ya kulazwa, hakuna kitu cha kutafuna. Supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, uji mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Ini langu limejaa mafuta, akasema, na limelala juu ya tumbo. Lisiponywea kwanza, hatafika pale anapotaka kukata.

"Utapimwa asubuhi ya kulazwa. Ukizidi kilo nilizokuandikia, unarudi nyumbani na nafasi anapewa mwingine."

Nafasi hiyo niliingoja tangu mtoto wangu hajaanza kutambaa, na sasa anakimbia na mimi siwezi kumkimbiza. Sukari iko juu, presha iko juu, magoti yamekataa ngazi. Nikilala pumzi inakatika. Mume wangu akiwa nyumbani ananisukuma nipumue, lakini ni askari wa kawaida tu na kambi yake iko mbali kule kwenye joto. Asipokuwepo nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, nikiogopa kwamba mtoto ataamka anikute nimenyamaza kabisa. Watu wa Machakos wananiona sokoni wanasema pesa ya jeshi ni tamu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona nikilala.

Nilienda kumwambia mama, kwao upande wa Muthetheni, nikidhani atafurahi. Nilimhitaji pia. Wodi haikubali watoto na sikuwa na mtu mwingine wa kunishikia wangu. Akaniuliza watakata nini. Nikamwambia watakata tumbo, watoe sehemu kubwa, waniachie kijitumbo chembamba kama ndizi.

Aliendelea kuchagua ndengu kwenye ungo. Kisha akasema, "Ntheo bado."

Kwetu Wakamba, ntheo ni mbuzi ambao mwanamume anapeleka kwa kina msichana. Siku hiyo mmoja anachinjwa, na mume anamlisha mke nyama ya bega mbele ya wazee. Kabla ya hapo unaweza kuzaa, unaweza kuwa na cheti cha serikali kilichopigwa muhuri, bado wewe ni msichana wa kwenu. Jeshi lilinijua kama mke, hata kadi ya hospitali ilikuwa na picha yangu. Kwa mama nilikuwa msichana aliyeondoka tu.

"Dada yangu alikufa hivyo," mama akasema. "Alilala mochari mpaka watu wakachoka kulia. Hawa wanasema si mke wetu, hawa wanasema alishatoka kwetu, mwisho tukamzika hapa kwa ugomvi. Wewe sitakuacha kwa barafu nikitafuta mbuzi."

"Mwaitu, mama yangu, siendi kufa."

"Hata yeye hakuwa anaenda kufa."

Mume wangu akapata ruhusa fupi. Wazee wakachagua Jumamosi, na Jumamosi yenyewe ikaangukia katikati ya siku zangu za kunywa tu. Nilimpigia mjomba, ndugu ya mama, ambaye ndiye msemaji wa nyumba yetu, nikamwomba waahirishe. Akasema mbuzi wameshafungwa kamba. Nikamwambia basi waje, lakini mimi sitafuni kitu. Nadhani alisikia hayo maneno ya kwanza tu.

Siku hiyo nilikuwa na njaa ya kumchukia mtu. Niliwachukia wanawake waliokuwa wakimenya viazi, nikachukia mafuta yakilia kwenye sufuria, nikamchukia hata mtoto wangu akilamba ukoko. Kichwa kilikuwa chepesi. Shangazi, dada ya marehemu baba, akasimama mlangoni na mwiko.

"Hii boma iko na mtu mmoja hali kitu," akatangaza, "na bado ndiye mkubwa kutushinda wote."

Wakacheka. Nikamwambia, "Cheka, shangazi. Nikipungua nguo zangu zote ni zako, na zitakutosha." Wakacheka zaidi, na yeye akacheka pia, lakini alirudi jikoni.

Bega likaletwa. Mume wangu akakata kipande, akanisogelea nacho kwenye ncha ya kisu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kama la gwaride. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameacha kuongea.

"Kidogo tu," akaninong'oneza. "Kama kucha."

Huyu ndiye aliyekuwa akinisukuma nipumue. Huyu aliketi na mimi mbele ya daktari akasikia kila neno. Nilimtazama mpaka akaangalia chini, lakini kisu hakukishusha. Mama alikuwa nyuma yake, mikono kifuani, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Alikuwa anaomba.

Nikafungua mdomo. Nikatafuna. Sijui kama nyama ile ilikuwa tamu au mwili wangu tu ndio ulikuwa umekata tamaa, lakini machozi yalitoka yenyewe. Nilitafuna ikalainika kabisa, halafu nikaitemea mkononi.

Mjomba akasema polepole, "Hiyo si kula."

"Ametafuna," shangazi akasema. Sikutarajia atanitetea. "Meno yamefanya kazi yake."

"Ntheo haiishii kwa meno. Lazima iingie tumbo."

"Tumbo gani?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hilo tumbo linakatwa wiki ijayo na kutupwa. Mnataka niweke ntheo mle ndani ibebwe na takataka za hospitali?"

Wazee wakaangaliana. Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mzee mmoja wa upande wa mume wangu, mzee sana, akauliza kama daktari hawezi kuombwa aache ile sehemu yenye nyama. Hakuwa anatania. Wakalizungusha jambo hilo kwa muda, ntheo ikikatwa ndoa inabaki au haibaki, na mimi nimesimama hapo na nyama iliyotafunwa kwenye kiganja.

Mwishoni mjomba akaamua. "Angoje. Apone kwanza, atalishwa kwa hilo tumbo litakalobaki."

Wote wakasema ni sawa. Niliona mabega yao yakishuka kwa raha. Wakarudi kula.

Mama peke yake hakuketi. "Na asipopona?" akawauliza.

Walikuwa na nyama mdomoni.

Akanigeukia mimi. "Sishiki mtoto ili uende kufa ukiwa si wa mtu. Meza hiyo, ama utafute mwingine."

Nilimshika mkono, nikaiweka ile nyama kwenye kiganja chake, nikamchukua mtoto wangu, nikaondoka.

Mume akarudi kambini ruhusa ilipoisha. Nilitafuta mtu. Jirani alikuwa na mapacha wake. Mama mkwe wangu, kule Kithyoko, hawezi hata kujiinua kitandani. Asubuhi ya kulazwa nikaenda Nairobi na mtoto begani, nikipumua kama mtu anayepanda mlima, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Muuguzi alinipandisha kwenye mizani. Akaangalia, akaangalia kwenye faili, akaangalia tena mizani.

"Umefika," akasema. "Na huyu anabaki na nani?"

Nikamwinua mtoto kutoka sakafuni, nikamrudisha begani.

"Mama, hapa si nasari. Daktari akipita kwa wodi akamkuta, kitanda ni cha mwingine."

Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje. Kilo nilikuwa nimezimaliza. Njaa ile yote nilikuwa nimeila mimi mwenyewe, na sasa ningerudishwa kwa sababu ya kukosa mtu mmoja wa kushika mtoto. Nilitaka kumpiga mtu. Nikampigia mama.

"Wamenikubali," nikasema.

Nilisikia kelele ya magari upande wake.

"Mwaitu, nikifa nizike hapo kwenu, karibu na dada yako. Nimeongea na mume wangu, amekubali. Hakuna mtu utagombana naye. Waambie nilisema mimi ni wako."



"Mtoto amekula?" akauliza.

"Bado."

"Mnunulie maziwa. Niko njiani tangu alfajiri, na hawa askari wa kwenu sijui kama wataniruhusu kuingia."

Walimruhusu. Alifika amefunga kitambaa chake cha kanisani, vumbi la kwetu bado kwenye viatu. Hakunisalimia. Alimpokea mtoto, akamgeuza mgongoni, akakaza leso kifuani.

"Sijakusamehe," akasema.

"Sijakuomba unisamehe."

Akatikisa kichwa. Akaninyoosha kola ya nguo kama ninaenda shule, akaelekea langoni. Mtoto alianza kulia akinyoosha mikono kwangu, na mama hakusimama wala hakugeuka. Muuguzi akaniita kwa mlango. Nikaingia.