Jumapili ya Gari la Viti Viwili

Mama alikaa kwangu Birmingham kiangazi kizima na hakusema neno hata moja kuhusu gari langu. Mengine yote aliyasema: chai yangu nyepesi, mapazia yangu, nywele zangu, majirani wa Sparkbrook wanaotupa makochi barabarani. Lakini kila tulipopita lile gari dogo jekundu la spoti mbele ya nyumba, gari lililotengenezwa kabla sijazaliwa, alikaza macho mbele kama mtu anayempita mlevi anayemfahamu.

Sababu niliijua. Wauguzi wenzangu kutoka Kenya wamenunua mashamba na kujenga nyumba za mawe kwao. Mimi nilifanya zamu za ziada nikanunua gari lisiloweza kubeba hata gunia la viazi. Nalipenda, wala sioni haya. Nimejifunza kulitengeneza mwenyewe, na mikono inayoshika sindano wiki nzima hufurahi sana ikishika spana. Ila nilitaka mama alipande. Na mvi zangu hizi, bado nilitaka kusikia kwa mama yangu kwamba sikufanya upumbavu.

Jumamosi yake ya mwisho nilirudi kutoka zamu nimechoka hoi, nikamkuta mezani akichambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Kesho kanisani tutaenda na hiyo gari yako."

Jumatatu alikuwa anapanda ndege kurudi Nakuru. Nafasi ilikuwa hiyo moja tu, na nilikwenda kulala natabasamu peke yangu.

Asubuhi nililivua gari turubai lake. Liling'aa ajabu. Nikajisifu moyoni, nikasema nta niliyopaka juzi ilikuwa nta kweli. Mama akatoka na kofia yake ya kanisani na mkoba mkononi, akajikunjakunja mpaka akaingia.

"Nimekaa chini hivi, utadhani naoga kwa karai," akasema.

Nikapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, ru-ru-ru-ru, lakini haikushika. Nikapiga tena. Ru-ru-ru-ru, basi. Mama aliendelea kutazama mbele.

Jirani yangu ni Msomali aliyekulia Garissa, akaishi Uholanzi kabla ya kuja huku kuendesha teksi. Hawezi kusikia gari likikataa kuwaka akabaki ndani. Akatokea na kikombe chake cha chai.

"Hiyo ni pampu ya petroli, wallahi," akasema hata kabla hajatufikia.

"Hujaangalia."

"Ya nini niangalie, dada? Nasikia. Teksi yangu ilifanya hivyo hivyo, nika-change pampu, ikaisha."

Hasira zangu ziko karibu, na mtu anayetaja ugonjwa kabla hajamgusa mgonjwa huziamsha zote. Wodini hatuanzi na dawa. Tunaangalia kwanza kama mtu anapumua, kisha kama damu inazunguka, kila kitu kwa zamu yake. Nikampa jirani ufunguo, nikamwomba akae kwenye usukani na asifanye lolote nisilomwambia. Mama akashuka, akasimama mlangoni pa nyumba.

Stata ilizunguka haraka, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Nikafungua boneti, nikamwambia jirani awashe swichi tu. Pampu ikagonga tik-tik-tik, kisha ikatulia, kama inavyotakiwa petroli ikishafika.

"Pampu yako hiyo," nikamwambia. Akanywa chai.

Nikafungua plagi moja. Ilikuwa imelowa petroli. Nikairudishia waya wake, nikaishika kwa koleo lenye mpini wa mpira, nikaigusisha kwenye chuma cha injini. "Piga!" Injini ikazunguka na plagi ikanyamaza. Haikutoa hata cheche moja.

"Petroli iko. Moto ndio hakuna," nikasema.

"Hata mimi nilikuwa nataka kusema hivyo," jirani akajibu.

Basi nikaenda kwenye distribyuta, kile kidude kinachogawa moto kwa kila plagi. Nikafungua vibano vyake, nikainua kifuniko cheusi, nikakigeuza. Ndani mlikuwa na maji, matone kabisa, na juu ya matone kulikuwa na povu. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima, jambo ambalo Birmingham nzima ilikuwa ikilizungumzia. Nikanusa. Ilikuwa harufu ya limau, sabuni yangu ya vyombo.

Nikampa jirani naye anuse. Kisha sote wawili tukageuka polepole, tukamtazama mama.

"Mnaniangalia nini?"

"Mama, jana uliosha gari?"

"Sasa tungeenda nyumba ya Mungu na gari chafu?"

"Na injini?"

"Injini ndiyo ilikuwa chafu kabisa!" akasema kama mtu aliyeonewa. "Nimemwagia ndoo baada ya ndoo. Pikapu ya baba yako nilikuwa naiosha kila Jumamosi, injini na yote, na haikukataa kuwaka hata siku moja."

"Ile ilikuwa ya dizeli, Mama. Dizeli haitumii cheche. Hii ikilowa, moto unapotea."

"Na mimi ningejuaje inaogopa maji?"

Jirani alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini. Mimi nilitaka kukasirika, na haki nilikuwa nayo. Lakini nikamwona mama akilini mwangu, jana yake, mimi niko kazini, akitoa maji jikoni na mgongo wake ule mbovu, akiinua boneti kama alivyoniona nikifanya, akisugua gari ambalo hakuwahi hata kulitaja, kisha akilifunika tena lisiingie vumbi. Macho yakanilowa, nikainama kwenye injini nisionekane.

"Niletee kitambaa," nikasema, nikitegemea kile cha jikoni. Akarudi na leso yake mpya, ile aliyoiweka ya kujifunga safarini.

"Mama, itaingia mafuta."

"Kausha gari. Tunachelewa."

Nikakausha kifuniko, waya na koili. Jirani akaleta draya ya nywele ya mkewe, umeme tukauvuta kupitia dirishani kwangu, akapuliza kila pembe huku akinishauri kwamba hata hivyo pampu niibadilishe. Nikarudisha plagi, nikafunga kila kitu. "Piga!"

Ikazunguka, ikapiga chafya, ikashika. Ngurumo yake ikajaa mtaa mzima, na mama akapiga vigelegele pale pale kwenye lami na kofia yake kichwani. Sijui kama nimewahi kufurahi vile katika mji huu.

Tulifungua paa. Mtaa wote wa Edgbaston mama aliishika kofia kwa mikono miwili, akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba. Tulipofika Harborne watu walikuwa wanaingia kanisani. Nikaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame," akasema mama, ambaye hajawahi kuchelewa ibada maishani mwake. "Zunguka tena."

Jumatatu asubuhi nilimkuta akifunga sanduku. Leso ilikuwa juu ya nguo, ina mabaka meusi ya mafuta.

"Lete niitie kwenye mashine," nikasema. "Itakauka kabla hatujatoka."

Mama, ambaye huosha kila kitu, aliikunja vizuri, mabaka yakiwa juu, akavuta zipu.

"Hii haioshwi," akasema.