Mwenge Ubavuni mwa Boti ya Bulaimu

Bulaimu wa Alunguli alikuwa na boti nyeupe kuliko meno yake, na meno yake aliyasugua kila asubuhi kwa mkaa. Ilikuwa boti ya fiba, ile plastiki ngumu ya Wazungu, si gogo la kuchongwa kama mitumbwi ya wenzake. Mgiriki ambaye Bulaimu alimvulia samaki ujana wake wote ndiye aliyemwachia, alipofunga duka akarudi kwao. Tangu hapo Bulaimu aliiosha kwa majivu na limao, aliipindua kivulini jua likizidi, na ufa mwembamba kama unywele aliuziba kabla haujajijua kuwa ni ufa. Wavuvi walisema anailaza boti kitandani na mke chini. Naye akawajibu kuwa mitumbwi yao inaoza kama ndizi, yake haiozi, itawazika wote na yeye mwenyewe.

Kumbe alikuwa akijiapiza.

Enzi hizo za Chama kimoja, askari wa bandarini walijichagulia samaki wakubwa katika kila mtumbwi. Bulaimu, mjanja wa mto mzima, akatafuta rangi, akachora ubavuni mkono ulioshika mwenge, alama ya Chama chenyewe. Mkono ulitoka na vidole sita, lakini askari hawakuja kuhesabu vidole. Walipiga saluti tu. Miaka ikapita, samaki wake wakifika sokoni wote, naye akicheka peke yake katikati ya mto Lualaba.

Msimsifu bado. Mgongo ulianza kukataa nyavu. Mke wake, Scholastique (serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kizungu, likabaki la jikoni), alikwisha kupanda treni ya Kibombo kwenda Tunda kulima mpunga kwenye shamba la marehemu mama yake. Walipatana Bulaimu auze boti, anunue mashine ya kukoboa, amfuate kabla ya mavuno. Akichelewa, mke alisema, asijisumbue: jirani yake wa huko ni mwanamume mjane, tena safi, na mashine anayo tayari.

Mnunuzi alipatikana upesi, Mbusa, Mnande wa Butembo mwenye duka ng'ambo ya mto. Aliigonga boti kwa vidole, akatega sikio kama daktari, akalala chini kabisa kulitazama tumbo lake. Hakuona kasoro. Kisha akazunguka upande wa pili, akauona mwenge, mikono ikarudi mfukoni.

"Ya Bulaimu, kaka yangu, hii boti njo ya nani?"

"Ya miye. Hauoni?"

"Naona Chama. Kesho napakia chumvi yangu, kesho kutwa banasema nimeiba mali ya Chama. Futa kwanza, nitaleta feza."

"Nifute mwenge? Weye unatafuta boti, ao unatafuta muntu wa kufungwa?"

Wote wawili walimjua yule bwana wa kule Mikelenge aliyepangusa kisu chake kwa kitambaa cha Chama, na mpaka leo kwao wanauliza habari zake.

Basi Bulaimu akavaa shati safi, akaenda kwa Onema, mkubwa wa Chama mtaani. Alijua kuzunguka maneno: rangi imechakaa, alisema, na mwenge uliochakaa ni aibu kwa taifa, afadhali uondolewe kwa heshima. Onema alifuatana naye mpaka ukingoni, watu nyuma yao. Aliitazama boti muda mrefu, akakubali kuwa ni aibu kweli. Akaagiza kopo la rangi mpya.

"Sitwayen Bulaimu, mwananchi wa kweli, bantu kama weye njo Chama kinatafuta. Rudishia rangi. Kila sikukuu, hii boti itabeba wachezaji wetu wa ngoma, na weye njo utaiendesha. Na kidole kimoja kimezidi. Kile toa."

Watu wakapiga makofi. Bulaimu naye akapiga.

Walipoondoka akawaza kuiacha juani na mvuani, ife yenyewe kama mitumbwi ya wenzake. Akaikwaruza kwa ukucha. Ukucha ndio uliovunjika. Mbusa alikwisha kununua gogo la mtu, bovu, linavuja, na mwenyewe anafurahi.

Ng'ambo, treni ya Kibombo ikapiga honi. Bulaimu akachovya kitambaa katika mafuta ya taa, akapiga magoti kwa ule mgongo wake, akaanza kufuta kidole cha sita, hicho tu alichoruhusiwa.