Koti la Mwalimu Lililotiwa Wanga

Kwa miaka yote niliyolifahamu, koti la Baba lililala nje. Lilikuwa na msumari wake barazani, juu ya rundo la kuni, na Mama hakuruhusu livuke kizingiti. Lilikuwa la pamba nzito, rangi ya majani makavu, limepakwa nta tangu kiwandani ili mvua iteleze juu yake. Aliliacha padri mmoja mgeni aliyerudi kwao uzeeni. Alimkabidhi Baba kwa sababu Baba ni katekista, na huku milimani Mbinga katekista hunyeshewa kuliko padri. Ukiligusa lilikuwa na utelezi, kama mkono wa mtu aliyetoka kujipaka mafuta. Lilinuka mshumaa uliozimwa, moshi na, kwa mujibu wa Mama, mbwa.

"Yule padri alifuga mbwa," alisema Mama. "Mtu hawezi kunuka hivyo peke yake."

Baba alilivaa hivyo hivyo. Watu wote humwita Mwalimu, hata Mama, na Jumapili ambazo paroko hafiki yeye hupanda pikipiki yake kwenda kuongoza ibada katika vigango, makanisa madogo ya parokia yaliyo mbali. Barabara zetu wakati wa mvua kila mtu wa huku anazijua. Koti lile ndilo lililomfikisha.

Msimu wa mvua uliopita alitoka siku moja bila koti kwa sababu asubuhi kulikuwa na jua. Alirudi ameloa hadi soksi, akaugua nimonia, akalazwa. Alipomruhusu kurudi nyumbani, daktari alimwambia, "Mzee, kifua hiki kisinyeshewe tena." Sentensi hiyo ilizaa madhehebu mawili nyumbani kwetu. Mama alielewa kwamba Mwalimu asipande pikipiki tena. Baba alielewa kwamba Mwalimu asinyeshewe.

"Na koti ninalo," alisema kutoka kitandani.

Hivyo utumishi wake wote, vigango, mafundisho na watoto wa komunyo ya kwanza, ukabaki umening'inia kwenye ule msumari.

Sasa ikatangazwa kwamba Askofu anakuja kigangoni kwetu kutoa kipaimara. Kwetu ujio wa namna hiyo hupokelewa kwa sabuni. Mapazia huvuliwa, mawe ya njiani hupakwa chokaa, na mke wa katekista hupimwa kwa kola ya mumewe. Baba alipokuwa bado kitandani akiuguza kifua, Mama alilitungua koti, akalitia kwenye sufuria kubwa ya msibani, akamimina maji ya moto na sabuni ya unga. Maji yalipogeuka kahawia na kuelea mafuta alifurahi sana.

"Njoo uone!" aliniita kwenye simu, nami niko Mbinga mjini, kwenye redio ndogo ninakofanya kazi. "Njoo uone uchafu aliokuwa anauvaa baba yako!"

Alirudia hadi maji yakatoka meupe. Kisha akalitia wanga, uji mwepesi wa muhogo uliochujwa kwa kitambaa, kama anavyotia mashati ya kwaya. Akalianika, akalipiga pasi ya mkaa. Nilipofika Jumamosi nililikuta limekaa kwenye kiti bila msaada wa mtu, mikono imetanuka kama ya askari wa gwaride. Harufu haikuwepo. Kwa mara ya kwanza lililala ndani, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Baba aliligusa begani. "Limekauka," alisema.

"Limetakata," alisema Mama.

Siku ya Askofu, Baba alipewa kazi ya kutangulia msafara kwa pikipiki kutoka barabara kuu hadi kigangoni. Mvua ilianza kabla hawajafika shule iliyo jirani nasi. Nilikuwa nimesimama na kwaya chini ya turubai, kwa hiyo naandika nilichokiona. Kwanza koti lilinywa maji, likajaa kama shimo la ngoro, lile tunalochimba kwenye shamba la mlimani ili likinge maji. Halafu ule wanga ukaanza kushuka. Ulishuka mgongoni, ukapita kwenye kiti, ukatiririka juu ya namba ya pikipiki, mweupe, mzito. Baba aliingia uwanjani wima, mkono mmoja juu kuonyesha gari la Askofu mahali pa kuegesha, huku akidondosha uji.

"Mwalimu anavuja!" mtoto mmoja alipiga kelele, na waimarishwa wote wakasahau pambio.

Usiku ule Baba alikohoa. Asubuhi Mama aliufunga ufunguo wa pikipiki kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili, akatangaza kwamba Mwalimu amestaafu.

Suala hilo lilijadiliwa na jumuiya yetu ndogo ndogo baada ya sala, kwenye ajenda ya mengineyo. Mengineyo ndiyo ajenda inayowaleta watu. Mwenyekiti wa jumuiya, mkulima wa kahawa anayependa kusimama anapozungumza hata nyumbani kwake, alipendekeza vipande vya mishumaa vilivyobaki altareni viyeyushwe na kupakwa kotini. Hapo hoja ikaibuka: je, koti lenye mshumaa uliobarikiwa linaruhusiwa kupita kilabu cha pombe? Waliogawanyika ni wale wale wanaogawanyika kila wiki. Mwenyekiti akaamua kwamba linaruhusiwa kupita, ila lisisimame.

Mjomba alikuwepo, kaka yake Mama, aliyepanda kutoka ziwani na ndoo ya usipa, dagaa wakavu wa huko. Anatengeneza mitumbwi ya mbao karibu na Mbamba Bay na hakosi neno juu ya maji.

"Shemeji," alimwambia Baba, "sisi mtumbwi ukivuja hatuuundii kamati. Nipe lami."

"Nikavae lami mbele ya Ekaristi?"

"Ulishavaa uji mbele ya Askofu."

Mama peke yake hakucheka. Nilimwona akiushika ule ufunguo kupitia khanga. Alikuwa ameelewa tangu uwanjani, nadhani, ila hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia, hata mimi. Nilichofanya ni kusoma kwenye simu yangu, kwa sauti ya taarifa ya habari, jinsi makoti ya nta yanavyotunzwa. Yasifuliwe kwa sabuni. Yasichemshwe. Yafutwe tu kwa maji baridi. Nta ikipungua, ipakwe upya.

"Hawakuandika kuhusu wanga?" aliuliza Mama.

"Hawakufikiria, Mama."

"Basi hawajui kila kitu," alisema, akainuka kwenda kuloweka koti kwenye maji baridi.

Kuanzia hapo kazi ikawa yake. Alilisuuza wanga wote utoke, bila sabuni, uso umekunjamana kama mtu anayetubu kwa lugha ya kigeni. Mishumaa peke yake ilikuwa migumu. Tulipoijaribu kwenye mfuko wa koti ilipasuka kama tope kavu. Nta ya nyuki kutoka Mpepai, nayo peke yake, ilinata. Mama alichanganya zote mbili kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, akaacha zigande, akapata mche kama wa sabuni. Akausugua mche huo kotini, kipande kwa kipande, kisha akapitisha ile ile pasi ya mkaa, ikiwa na joto dogo, mpaka nta ikazama katika uzi. Pasi aliipima kwa kuitemea mate. Baba alishika mikono ya koti kama anayemvisha mtoto. Halafu tukalianika juu ya kichanja cha kahawa, ambacho msimu ule kilikuwa kitupu, jua likamalizia.

"Na maungio?" aliuliza Mjomba kutoka kwenye kigoda chake. "Maji hayapiti katikati ya ubao, yanapita ubao unapokutana na ubao."

"Kula usipa wako," alisema Mama.

Jaribio lilifanyika uani, jumuiya ikihudhuria bila kualikwa. Masharti aliyatoa Mama: shati la ndani likibaki kavu, fundo linafunguliwa. Likilowa, pikipiki inauzwa. Baba alisimama katikati ya kuku, koti limefungwa hadi kidevuni. Mjomba alichukua keni ya kumwagilia miche ya kahawa, akapanda juu ya gogo.

"Mwalimu, unamkataa Shetani?"

"Namkataa, na wewe pamoja naye."

Maji yakamwagika. Yaligonga mabega yakavunjika kuwa shanga, shanga zikakimbizana hadi kwenye pindo na kudondoka. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alikumbusha kwamba wazo la mishumaa lilitoka mezani kwake. Mama hakupiga makofi. Alimfungua Baba vifungo, akaingiza mkono mgongoni, akautoa, akatuonyesha kidole.

"Kumelowa hapa."

Ulikuwa mstari mmoja tu, kwenye mshono wa katikati ya mgongo. Mjomba alitazama mawinguni. Baba alisema ni jasho. Mama alisema jasho haliji kwa mstari, akajipigapiga pindo la khanga, fundo likabaki. Nikaona uso wa Baba ukizeeka palepale mbele ya jirani zake.

Lakini Mama hakuiuza pikipiki. Jumamosi aliwasha tena mkaa. Alipitia kila mshono kwa ncha ya mche, ndani na nje, kwapani, shingoni, kuzunguka mifuko, na Mjomba alikuwa na busara ya kwenda kutembea.

Jumapili mvua ilikuja yenyewe. Paroko alikuwa upande wa pili wa parokia, na kigango cha mbali kilikuwa na watu tayari wamekaa wakisubiri. Baba alivaa koti, akaenda kusimama karibu na pikipiki. Hakuomba. Mama alitoka na mwavuli, akahangaika na fundo kwa meno, akampa ufunguo.

"Ukirudi, kabla hujasalimia mtu, uje kwangu."

Alirudi saa nane, tope hadi magotini, uso unatiririka. Alipita mbele yetu sote bila salamu, akasimama barazani kama mtoto anayekaguliwa kucha. Mama aliingiza mkono chini ya koti, kwenye kifua, kisha mgongoni, kwenye ule mstari. Akauacha mkono pale muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji. Kisha akaunusa.

"Limeanza kunuka tena," alisema.

"Mbwa?" aliuliza Baba.

"Mbwa."

Akamvua koti, akatoka nalo nje, akalitundika kwenye msumari wake juu ya kuni, na ufunguo akautumbukiza kwenye mfuko wa koti.