Mwalimu Grégoire na Mlolongo wa Bidon

Mwanzoni mwa mwaka 2009, watu wa Masisi na Rutshuru wangali wamejaa Goma kwa ajili ya vita, ungepita mtaa wa Katindo asubuhi ungemkuta Mwalimu Grégoire kwenye robine, bomba la maji la watu wote, ameketi juu ya bidon tupu, dumu la maji, katikati ya wamama. Mwanaume mzima, suruali ya pasi, kalamu mfukoni. Wamama walimsema kwa sauti ili asikie vizuri.

"Mwalimu, bibi yako alikukimbia?" akauliza mama Masika.

"Hapana, mama. Yuko nyumbani, anakunywa chai."

"Yeye anakunywa chai, wewe unavuta maji. Kumbe kwenu Butembo ndivyo munaishi."

Grégoire akacheka nao. Maji yalikuwa kisingizio tu. Alikuja kwa ajili ya Deborah.

Deborah alikuwa msichana wa miaka kumi na moja. Alishuka kutoka milima ya Masisi akikimbia risasi, akapokelewa na shangazi yake Séraphine. Masomoni walimweka mwaka wa tatu, zaidi kwa sababu ya urefu wake. Kalasi ilijaa hata wengine wakaketi chini, na katika kalasi ya namna ile mwalimu anasoma, watoto wanaitika wote pamoja. Sauti ya Deborah ilisikika mbele ya zote. Grégoire alimweka kati ya wale wasiompa taabu.

Basi siku moja mvua ikapiga mabati mpaka hakuna aliyemsikia mwenzake. Grégoire akaanza kuwaita mmoja mmoja, kila mtoto amsomee karibu na sikio. Deborah akaja, akaweka kidole kwenye kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kosa. Ila ukurasa uliofunguliwa haukuwa ule. Aliusoma ukurasa wa jana, wote, kwa kichwa.

Grégoire akamrudisha akaketi. Mtoto aliyemsifu kila siku hakuijua hata herufi moja, na yeye mwalimu hakuona.

Mama Apolline, direktrisi wa shule, alipoelezwa hakuzunguka maneno. "Pasaka ikifika hajasoma, namurudisha mwaka wa kwanza. Nafasi yake kuna mutoto anaingojea."

Deborah alipoambiwa, aliangalia miguu yake. "Mwaka wa kwanza mimi siji, mwalimu. Wale ni watoto wa kubeba mugongoni."

Kumbakiza mchana haikuwezekana, maana masomo yakiisha alikwenda sokoni kumsaidia shangazi kuuza makala, mkaa wa kupikia. Nafasi ya kumfundisha ilikuwa robineni tu, asubuhi alipokwenda kuteka maji. Pale bidon inasimama kwenye mlolongo kwa niaba ya mwenyewe, naye mwenyewe yuko huru mpaka zamu ifike. Ndiyo sababu Grégoire akabeba bidon yake, akaiweka nyuma ya ile ya Deborah.

Asubuhi ya kwanza alikuja na kitabu. Kazi bure. Deborah alishakimeza chote kwa masikio. Grégoire akakifunga, akabaki anaangalia zile bidon za manjano, kila moja imeandikwa kwa rangi jina la mwenyewe, zisipotee.

"Ile ni ya nani?"

"Ya mama Masika."

"Umejuaje?"

"Imepasuka mudomo."

"Mudomo wa nani umepasuka?" mama Masika akageuka, mikono kiunoni.

"Wa bidon, mama," akasema Grégoire. "Deborah, achana na mudomo. Niambie pale pameandikwa nini."

Ilimchukua muda. Ma. Kisha si. Kisha akasimama kama mtu aliyefika mtoni, mwisho akavuka: ka. Kesho yake bidon zilikuwa zimepangika upya, nyingine ngeni kabisa, na huo ndio ulikuwa uzuri wa mlolongo ule: haukaririki. Wamama nao wakaanza kudai. Huyu anataka jina lake lisomwe kwanza, yule anasema lake ni refu, mtoto apumzike kabla ya kulianza. Mama Masika aliandika chini ya jina lake *usiguse*, akamngoja Deborah asubuhi nzima alisome.

Siku chache kabla ya Pasaka, Mama Apolline alimwita Deborah ofisini, akafungua kitabu cha dini, mahali ambapo kalasi haijafika. Grégoire alisimama mlangoni, jasho limemshika kana kwamba anayesomeshwa ni yeye.

Deborah akaanza. Pole, pole sana. Kwenye neno *wakamfuata* akakwama, na direktrisi akafungua kinywa amtajie.

"Mama, tafazali," akasema Grégoire. "Umuache."

Mama Apolline akafunga kinywa. Wa. Ka. Mfu. Akalipata, akaendelea mpaka mwisho wa mstari, halafu akaingia mstari wa pili bila kuambiwa.

"Anabaki mwaka wa tatu," akasema Mama Apolline. Deborah akatoka mbio kuwaambia wenzake. Direktrisi akamgeukia Grégoire. "Na wengine, ni wangapi wanafungua kinywa tu?"

"Sijui, mama. Ndiyo inanitesa."

Baada ya Pasaka akaonekana tena robineni, bidon mkononi.

"Mwalimu, Deborah si alipita?" akasema mama Masika. "Unatafuta nini tena?"

"Leo nangoja Samy, mutoto wa Namegabe."

"Samy? Huyo anachelewaka." Akasogeza bidon yake kando. "Weka yako hapa, muzee. Utamungoja sana."