Chemchemi Iliyohamia Kasubi

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo mweupe, kwamba chemchemi yetu ya bondeni, chini ya Lubaga, ilikasirika, ikakusanya maji yake yote na kuhamia Kasubi kuwatumikia wafalme waliozikwa kule. Kisa, ilitiwa najisi na sufuria yenye masizi. Sufuria yenyewe ya mama yangu.

Msinicheke. Chemchemi ile ilikuwa na sifa kuliko serikali. Waganda walisema mke wa kabaka, mfalme wao, alichomeka fimbo pale akipumzika, maji yakaruka mpaka mawinguni. Sisi Wanubi tulisema babu zetu askari ndio walioigundua, maana nyumbu wao waligoma kunywa maji mengine yoyote duniani. Jambo moja tu tulikubaliana: unachota kwa kibuyu au jerikani safi, unaacha buni chache za kahawa juu ya jiwe, na chombo kilichokaa motoni hakigusi maji.

Siku jerikani yetu ilipopasuka, mama alichota kwa sufuria. Wiki ile ile chemchemi ikakauka.

"Mke wa mujeshi, umetufukuzia maji," wanawake walimwambia, maana baba alikuwa askari. "Sasa nenda Kasubi ukayabembeleze yarudi."

Alikwenda kweli, kwa miguu, buni amezifunga kwenye pindo la kanga. Hayakurudi. Tangu hapo kwenye harusi za mtaa hakuachiwa chungu apike, yeye ambaye pilau yake ilinukia hadi Nakivubo na kusimamisha biashara. Alipewa vitunguu amenye, pembeni, mpaka uzee ukamkuta hapo. Nami nikamaliza shule ya jioni, nikasoma jiografia mpaka nikaota mito ya Ulaya, na bado niliamini.

Mwaka huu tulimsomea arobaini. Jaja naye alikuja, bibi wa Kiganda aliyekuwa akitunza lile jiwe la buni. Nikakaa naye mkekani, nikamwomba amsamehe marehemu.

"Nimsamehe nini, mwanangu?"

"Ile sufuria, jaja. Iliyofukuza maji."

Akaupapasa mkeka.

"Maji yalikatwa na lile jengo la ghorofa kule juu mlimani, walipochimba msingi wake. Sote tulijua. Lakini mwenye ghorofa ndiye mwenye nyumba tulizopanga. Mama yako alikuwa jirani tu."