Msimu wa Kungoja Majibu ya Vyuo

Dada ninayemwandika hapa si wa damu. Yeye ni Mkenya wa Kitale, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, mama wa binti mmoja. Mimi ni Mtanzania wa Morogoro, niliyekuja Toronto kusoma uhasibu nikabaki kufanya kazi ya uhasibu. Tulikutana kwenye kwaya ya ibada ya Kiswahili huku Rexdale, mtaa wa pembeni mwa jiji. Yeye aliimba sauti ya pili, mimi ya kwanza, na kwa muda mrefu hatukuwa na la kuzungumza zaidi ya "Bwana asifiwe" na hali ya hewa.

Siku moja wakati wa mapumziko ya mazoezi nilimkuta ameinamia dirishani, anaandika nyuma ya karatasi ya nota. Nikamuuliza kama ananakili wimbo.

"Hapana," alisema bila kuinua kichwa. "Naandika mtu. Bado sijajua anaitwa nani."

Nilisimama pale na kikombe changu cha chai nisijue nifanye nini na furaha yangu, maana mimi pia nilikuwa naandika hadithi na hakuna mtu yeyote katika mji huu aliyejua. Nilimwambia palepale. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni kama anayepima kitambaa.

"Basi Jumamosi ulete."

Tukawa tunakutana maktaba kila Jumamosi mchana, kwenye meza ya pembeni karibu na magazeti ya Kihindi. Kila mmoja alimsomea mwenzake. Kwetu Morogoro nilikuwa nimezoea watu wa kusifu, yeye hakuwa wa hivyo. Hadithi ya kwanza niliyomsomea ilimhusu mwanamke anayesafiri mchana kutwa kurudi kwao kuzika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyu mwanamke wako hali chakula? Tangu atoke nyumbani hajaweka kitu mdomoni. Mimi nashindwa kumlilia, nawaza tu njaa yake." Niliudhika njia nzima ya kurudi nyumbani. Jumapili nikaandika upya ukurasa wa pili, mwanamke akanunua mahindi ya kuchoma, na hadithi nzima ikainuka.

Wazo la kuomba vyuo lilikuwa lake. Alikuwa amesikia kazini kwamba kuna shahada ya uzamili ya kuandika hadithi, akadhani anataniwa. Alipohakikisha ni kweli alinijia na macho yanawaka. "Dadangu, kuna watu wanalipiwa kukaa wakazungumza juu ya sentensi. Sisi tunafanya bure. Tuombe." Alikuwa ameshavuka miaka arobaini na mitano. Mimi nilikuwa na visingizio vingi, vyote vya umri, na nilipomtazama vikanikauka mdomoni.

Tulichagua programu tatu zilezile, mbili za hapa mjini na moja ya mkoa mwingine. Kila moja ilitaka sampuli ya maandishi, barua ya kujieleza, na watu wa kukudhamini wanaojua uandishi wako. Hapo kwenye wadhamini alikwama. Nani alikuwa amesoma kazi yake zaidi yangu mimi? Mwisho alimwomba msimamizi wake wa kazini, mama mmoja mkali ambaye kwa miaka amekuwa akisoma ripoti za wauguzi za kila zamu. Yule mama alimwonyesha alichokiandika kabla ya kukituma. Alisema kwamba ripoti za muuguzi huyu ndizo pekee anazozisoma hadi mwisho, kwa sababu ndani yake wazee hubaki kuwa watu. Dada aliniambia hayo tukiwa kituoni tunangoja basi la kwenda Kipling, theluji inatupiga usoni, na alikuwa akicheka huku anafuta macho.

Baada ya kutuma maombi, mimi nilinyamaza. Kwetu jambo halitangazwi kabla halijatimia. Yeye Jumapili iliyofuata alisimama wakati wa maombi ya ushirika akasema kwa sauti ileile anayoombea wagonjwa, "Wapendwa, nimeomba chuo. Nataka kusomea kuandika hadithi. Naomba mniombee."

Mzee mmoja wa mbele akageuka. "Uandishi wa habari?"

"Wa hadithi, mzee."

"Kwani hadithi nazo husomewa?"

"Hata uuguzi babu zetu walifanya bila kusomea," alijibu, "lakini mimi nilisomea na wagonjwa wangu hawajalalamika."

Watu walicheka, na mchungaji akamwombea kwa kumwekea mikono. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma yake, nimeinamisha kichwa, nikijiombea kimyakimya chini ya maombi yake.

Ndipo ukaanza msimu wa kungoja. Nyumbani kwake walikuwa wanangoja wawili, maana binti yake naye alikuwa darasa la mwisho la sekondari na ameomba uhandisi. Binti huyo anasikia Kiswahili chote, hata matusi, ila hujibu kwa Kiingereza. Ni yeye aliyeweka sheria ya nyumba. Mama yake aliifurahia akanitafsiria kwa makini kana kwamba ni ya bunge: hakuna mtu kufungua jibu akiwa peke yake. Jibu likija kazini, shuleni au njiani, linabaki limefungwa mpaka wote wafike mezani. "Na wewe umo," dada aliniambia. "Usijifanye mgeni."

Sikuwahi kuona mtu anayengoja kama yeye. Mimi nilikuwa naifungua simu kila lifti inapochelewa. Nilisoma ukurasa wa maombi yangu, ulioandikwa tu kwamba maombi yanapitiwa, kana kwamba maneno hayo yangeweza kubadilika nikiyakodolea macho. Yeye aliendelea kuandika. Alianza hadithi mpya wiki ileile tuliyotuma maombi, na Jumamosi alikuja na kurasa zake, mara nyingine bado amevaa viatu vyake vya zamu. Nilimuuliza anawezaje. "Hawa watu wa vyuo wanapitia ya zamani," alisema. "Ya sasa hawajaiona. Kwa nini niisimamishe?"

Majibu ya binti yalikuja kwanza, na yalikuwa mema. Chuo cha kwanza kilimkubali, cha pili kikamkubali. Kila mara tulikaa mezani, tukafungua, tukapiga makofi, tukala. Ya kwetu yalipoanza kufika yalikuwa ya namna nyingine. Programu ya kwanza ilitukataa sote wawili siku moja, kwa maneno yaleyale, hata koma zilikuwa mahali pamoja. Ya mkoa mwingine ikafuata. Jumapili dada alisimama tena kanisani na kusema, bila kupunguza sauti, kwamba wawili wamekataa na amebaki mmoja, waendelee kumwombea. Baada ya ibada kina mama walimzunguka kwa "pole" kana kwamba amefiwa. Mmoja alimpelekea chapati nyumbani, mwingine sufuria ya maharage. "Nikikataliwa mara moja zaidi," alinipigia simu kuniambia, "sitapika mpaka Pasaka."

Jibu la programu ya tatu lilifika alasiri moja ya katikati ya wiki. Nilikuwa ofisini. Ujumbe ulisema tu kwamba kuna habari mpya katika ukurasa wa maombi yangu. Punde simu ikatetema: "Nimepata jibu. Wewe? USIFUNGUE." Nilijibu kwamba sijafungua. Nilipanda treni na kisha basi nikiwa nimeishika simu kama mtu aliyebeba yai, na nilipogonga mlango wake wote wawili walikuwa wameshakaa. Chai ilikuwa tayari. Binti alikuwa amefungua kompyuta.

"Mama kwanza," alisema binti, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Dada aliandika nywila yake kwa kidole kimoja. Tukasoma pamoja, watatu, mashavu yetu yakikaribia kugusana. Wameisifu kazi yake. Nafasi ni chache. Wamemweka kwenye orodha ya akiba.

"Mchezaji wa akiba," alisema. "Basi. Benchi nalo liko uwanjani." Akaisogeza kompyuta mbele yangu.

Nikafungua jibu langu. Lilianza na neno la furaha. Nililiona mara moja na nikaacha kusoma. Sikuweza kuinua uso. Nilikuwa natafuta namna ya kusema samahani kwa kitu ambacho nilikuwa nimekiombea kwa miezi. Nikasikia kiti kikisukumwa. Dada alikuwa ameshafika mlangoni. Aliufungua, akasimama kwenye korido ya ghorofa ile ndefu yenye mazulia ya kijivu, akapiga vigelegele.

Sijui kama mmewahi kusikia vigelegele ndani ya korido ya jengo la Rexdale. Vilienda mpaka kwenye lifti vikarudi. Milango ikafunguka. Mama wa Kisomali wa upande wa pili alitoka ameshika mwiko, akauliza kwa Kiingereza kama kuna harusi. "Mdogo wangu amekubaliwa chuo!" dada alimwambia. Yule mama naye, bila kujua mimi ni nani wala chuo gani, akapiga vya kwao. Binti alikuwa amesimama nyuma yangu analia na kucheka. Mimi nililia tu.

Natamani niishie hapo, lakini haingekuwa haki kwake, kwa sababu ingeonekana hakuumia. Aliumia. Jumamosi iliyofuata hakuja maktaba. Ya pili yake pia hakuja. Kwenye kwaya alituma udhuru wa zamu. Nilipompigia alisema yuko sawa, amechoka tu, na nilijua asivyo mtu wa kuchoka. Wiki ya tatu sikupiga simu, nilikwenda.

Binti alinifungulia. Meza ya sebuleni ilikuwa imesukumwa ukutani na sakafu yote ilikuwa karatasi. Dada alikuwa amepiga magoti katikati na mkasi mkononi. Alikuwa ameichapa ile hadithi aliyoitumia kuomba vyuo, akaikatakata aya kwa aya, na sasa alikuwa anazihamisha kama mtu anayepanga vigae.

"Niliilia siku mbili," alinieleza bila kunitazama. "Ya tatu nikaisoma. Dadangu, imeanza mahali pabaya. Ndani yake kuna siku ya mazishi, nayo niliificha katikati kwa sababu niliiogopa. Pia niliiandika kwa Kiingereza nikiwa naifikiria kwa Kiswahili, na njiani imepoteza meno. Sasa naiandika kwanza kwa lugha iliyonijia nayo. Kiingereza kitafuata chenyewe."

Kisha akamgeukia binti yake. "Msomee ule ukurasa."

Binti akachukua ukurasa ulioandikwa kwa mkono na kuanza kusoma kwa Kiswahili, polepole, akijikwaa kwenye maneno marefu, akirudia. Mama yake hakumsahihisha hata mara moja. Alifumba macho akasikiliza. Lilipofika neno ambalo binti hakulijua kabisa, alisimama akauliza maana yake, na mama akamweleza, na kisha wakabishana kwa muda mzuri kama neno hilo linamfaa mzee mmoja wa kwenye hadithi au ni zito mno kwake. Nikavua koti, nikakaa sakafuni pamoja nao. Tulikula chapati za mtu mwingine tena jioni ile, na hakuna aliyetaja orodha ya akiba.

Orodha yenyewe ilifungwa kiangazi. Walimwandikia kwa adabu kwamba nafasi zimejaa. Mimi nikaanza masomo Septemba, na kila Jumamosi alitaka nimweleze yote niliyofundishwa, akikubali machache na kuyakataa mengi. Msimu wa maombi ulipofika tena aliomba upya programu zote tatu, akitumia ile hadithi iliyozaliwa mara ya pili. Kanisani aliomba tena aombewe. Mzee wa mbele hakuuliza swali lolote safari hii. Alisema tu, "Amina," kabla mchungaji hajaanza.

Mbili zilimkataa tena. Ile iliyokuwa imemweka benchi ilimkubali. Binti alikuwa ameshahamia chuoni, nje ya jiji, kwa hiyo tulifungua jibu akiwa kwenye skrini ya simu, ameegemezwa kwenye chupa ya maji. Dada alisoma mpaka mwisho, akashusha miwani, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Sasa zamu zangu nizihamishie wikendi." Kisha akanishika mkono, na nilimwacha.

Siku hizi tunasafiri pamoja kwenda katikati ya jiji kila Jumanne. Yeye ndiye mkubwa kwa umri kuliko wote darasani kwake, kuliko hata mwalimu, na anasema hilo halimsumbui isipokuwa kwenye ngazi. Wiki chache zilizopita wenzake walimshauri afute sentensi moja ya Kiswahili aliyoiacha bila tafsiri ndani ya hadithi ya Kiingereza. Aliwasikiliza wote, akawashukuru, akawaambia kwamba anayesema sentensi ile ni mama mwenye uchungu wa kuzaa, na hana muda wa kumtafsiria mtu. Kwenye treni ya kurudi alikuwa bado anabishana nao, na mimi, ambaye hata sikuwepo darasani humo, nilijikuta nawatetea ili tu niendelee kumsikia akijibu.